Multimita yako ni nzima: omu 38 za balbu na omu 529 za hesabu

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa umeme wa majumbani hapa Morogoro. Darasani tulipewa zoezi: kifaa kimechomekwa kwenye volti 230 na kinavuta ampea 5, tafuta ukinzani na nguvu yake. Hilo nililiweza. Nilipofika nyumbani nikataka kuhakikisha kwa vitu halisi. Pasi yetu imeandikwa 220–240 V, 1000–1200 W, na multimita imenipa omu 48 na ushee. Nikachukua balbu ya zamani ya uzi, 230 V, 100 W. Hesabu inasema omu 529, multimita inasema 38! Je, mita ni mbovu? Halafu kuna jambo jingine linanichanganya. P = I²R inaonyesha kwamba ukinzani ukiongezeka nguvu inaongezeka, lakini P = V²/R inaonyesha inapungua. Sasa nishike ipi?"

Jibu: Marahaba. Mita yako ni nzima, hesabu yako ni sahihi, na kanuni zote mbili ni za kweli. Kinachokuchanganya ni sharti moja ambalo ubaoni halionekani: V (volteji), I (mkondo) na R (ukinzani) unazoziweka kwenye kanuni moja lazima ziwe za kitu kilekile, tena za wakati uleule. Ukichukua volti za soketi ukazioanisha na omu za waya, au wati za balbu inayowaka ukazioanisha na omu zake ikiwa imelala mezani, kikokotoo hakitakukatalia. Kitakupa jibu, ila litakuwa jibu la kifaa ambacho hakipo.

Tumalize kwanza zoezi la darasani. Ukinzani ni volti kugawanya kwa ampea: 230 ÷ 5 = omu 46. Nguvu ni volti mara ampea: 230 × 5 = wati 1,150. Ukitaka kujihakiki, 5 × 5 × 46 ni 1,150, na 230 × 230 ÷ 46 ni 1,150 vilevile. Najua kuna lile duara la kanuni 12 ambalo wanafunzi hulibandika kwenye jalada la daftari. Mimi silipendi. Kanuni ni mbili tu, V = I × R na P = V × I. Nyingine zote ni hizo mbili zilizoingizwa moja ndani ya nyingine, na aliyekariri duara bila kujua lilikotoka ndiye anayekwama kwenye swali kama lako la mwisho.

Sasa pasi. Ile lebo ya 220–240 V, 1000–1200 W isikufanye udhani mtengenezaji anakisia. Ndani kuna koili moja yenye ukinzani mmoja, na lebo imeitaja kwenye volteji mbili, ya chini na ya juu. Chukua ya chini: 220 × 220 ÷ 1,000 = omu 48.4. Sasa ipe koili hiyohiyo volti 240: 57,600 ÷ 48.4 = wati 1,190, wao wakaandika 1,200. Kwa hiyo lebo ilikuwa inakutajia ukinzani bila kuuandika, na mita yako imekuja kuthibitisha. Hapa Tanzania, ambako volteji rasmi ya soketi ni 230, pasi hiyo itavuta ampea 4.75 na kutoa wati 1,093 hivi. Ivushe mpaka ukaichomeke Kenya, kwenye volti 240, itakaribia 1,200. Pasi ni ileile.

Kwa atakayetaka kurudia kipimo chako: plagi iwe nje ya soketi, na kitufe cha joto cha pasi kizungushwe hadi juu. Kikiwa kwenye sifuri, swichi ya ndani imekata njia, mita itaonyesha OL, yaani hakuna njia ya umeme kupita, na mtu ataitupa pasi nzima. Gusanisha pia zile ncha mbili za mita zenyewe kwanza. Zikisoma omu 0.4, hizo ni za waya za mita, zitoe kwenye jibu.

Kuna kosa moja kwenye pasi ambalo nimeliona hata kwa mafundi wazoefu. Jioni umeme umeshuka, soketini kuna volti 190. Pasi inavuta ampea ngapi? Wengi watachukua wati 1,000 wagawe kwa 190, wapate ampea 5.26, halafu wahitimishe kwamba umeme ukipungua pasi inavuta zaidi. Lakini wati 1,000 ni za volti 220, hazihamii kwenye 190. Kinachobaki na pasi saa zote ni omu zake 48.4. Basi 190 ÷ 48.4 = ampea 3.93, na nguvu ni 190 × 3.93, yaani wati 746 hivi. Mkondo umepungua na nguvu imepungua zaidi, kwa kuwa nguvu inafuata mraba wa volteji.

Hapo ndipo pa kupima yale maneno kwamba umeme ukiwa mdogo LUKU inakimbia. Kwa vitu vya koili si kweli. Birika la wati 2,000 kwenye volti 230 lina ukinzani wa omu 26.45. Kuchemsha lita moja na nusu ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji uniti 0.13 hivi, jambo la dakika 4. Kwenye volti 190 birika hilo linabaki na wati 1,365, kwa hiyo utasubiri karibu dakika 6, lakini uniti ni karibu zilezile. Zinazozidi ni zile chache zinazopotea kupitia kuta za birika wakati unasubiri. Injini za umeme ni habari nyingine, nitazigusa mbele.

Tuje kwenye balbu. Multimita inapopima omu hutumia betri yake ya ndani na kupitisha mkondo mdogo mno. Uzi wa balbu hauhisi kitu. Kwa hiyo zile omu 38 ni za uzi wa tungsteni ukiwa kwenye joto la chumba. Zile 529 umezipata kwa wati 100 na volti 230, na namba hizo mbili ni za uzi unaowaka, ukiwa kwenye nyuzi 2,500 za Selsiasi hivi. Umelinganisha uzi wa baridi na uzi wa moto.

Tofauti hiyo unaweza kuihesabu mwenyewe. Tungsteni ikianzia joto la chumba, kila nyuzi moja ya Selsiasi inaupandisha ukinzani kwa asilimia 0.45 hivi ya ule wa mwanzo. Ongezeko la nyuzi 2,500 linakupa 0.0045 × 2,500 = 11.25. Jumlisha 1 ya mwanzo upate 12.25. Zidisha kwa 38, unapata omu 465. Hatujafika 529 kwa sababu kwenye joto kali sana tungsteni haifuati mstari ulionyooka, inapinda kwenda juu. Balbu za aina hii ukinzani wake wa moto huwa mara 13 hadi 15 ya ule wa baridi. Yako ni 529 ÷ 38, karibu mara 14. Yaani mita uliyoishuku imekupa kipimo ambacho ningekipokea hata maabara.

Angalia sasa kinachotokea sekunde unapobonyeza swichi. Uzi bado ni wa baridi, omu 38, na volti ni 230. Mkondo ni ampea 6, na nguvu ni karibu wati 1,400, kwenye balbu iliyoandikwa 100! Hali hiyo haidumu hata nusu sekunde. Uzi unapata moto, ukinzani unapanda, mkondo unashuka hadi ampea 0.43. Lakini ndiyo sababu balbu za uzi mara nyingi hukatika pale pale unapoziwasha, na si katikati ya usiku zikiwa zinawaka kwa utulivu.

Na kwa nini pasi haikukusumbua hivyo? Koili yake ni ya nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, ambao ukinzani wake hupanda asilimia chache tu kutoka baridi hadi moto wa kupigia nguo. Watengenezaji waliuchagua kwa sababu hiyo, na kwa sababu haushiki kutu upesi ukiwa mwekundu. Ukiona kitabu kinasema ukinzani wa waya haubadiliki, fahamu kwamba kuna maneno yamekatwa mwishoni: "joto lisipobadilika".

Georg Simon Ohm mwenyewe, Mjerumani aliyetuachia kanuni hii, alikutana na tatizo la "wakati uleule". Alikuwa mwalimu wa shule mjini Cologne. Majaribio yake ya mwaka 1825 yalitegemea betri za kemikali za enzi hizo, ambazo volteji yake ilishuka kadiri alivyozitumia, na fomula aliyoitoa mwaka huo haikuwa sawa. Baadaye akaacha betri, akatumia shaba na bismathi zilizounganishwa, kiungo kimoja kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu. Volteji yake ilikuwa ndogo sana lakini haikuyumba. Ndipo uhusiano ukajitokeza bila doa, na kufikia 1827 alikuwa ameuchapisha kwa ukamilifu.

Sasa ugomvi wa I²R na V²/R. Usiulize ipi ni ya kweli. Uliza: ukinzani unapobadilika, nini kinabaki palepale, volteji au mkondo?

Kwenye soketi volteji ndiyo inayobaki. Ukichomoa balbu ukachomeka jiko, soketi bado ni ya volti 230. Hapo V²/R inasomeka moja kwa moja: omu zikipungua, wati zinaongezeka. Ndiyo maana birika la wati 2,000 lina omu 26 wakati balbu ya wati 100 inayowaka ina 529. I²R haipingi. Ni kwamba ukipunguza R, I inapanda, na kwa kuwa I ina mraba, inashinda.

Vitu vikiungwa kwa mfululizo, kimoja nyuma ya kingine, mkondo ndio unaokuwa mmoja kwa vyote. Hapo I²R inatawala, na mwenye omu nyingi ndiye anayepata wati nyingi. Unga balbu ya wati 100 na ya wati 40 kwa mfululizo, uone kichekesho: ya 40 ndiyo itakayong'aa, ile ya 100 itabaki na wekundu hafifu au isionekane kabisa. Ukihesabu kwa omu za moto, 529 na 1,322, mkondo ni ampea 0.124, ya 100 inapata wati 8 na ya 40 inapata 20. Namba hizo si halisi kabisa, na wewe sasa unajua sababu. Hakuna balbu kati ya hizo mbili iliyofika joto lake la kazi, kwa hiyo omu zimeshuka. Lakini mshindi habadiliki.

Ungeniambia balbu mbili za mfululizo ni michezo ya darasani, ningekubali. Ila mfululizo uko kila nyumba, hata kama hakuna aliyeuunga kwa kutaka. Waya wa ukutani, ekstensheni, mguso wa plagi na soketi, skrubu iliyolegea ndani ya swichi, vyote viko kwa mfululizo na kifaa chako. Mkondo wa birika unapita kwenye kila kimoja.

Chukua ekstensheni ya mita 30 yenye waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75. Umeme unakwenda na kurudi, hivyo waya ni mita 60. Shaba ya milimita moja ya mraba ina omu 0.0172 kwa kila mita. Basi 0.0172 × 60 ÷ 0.75 = omu 1.376. Chomeka lile birika la omu 26.45. Jumla ni 27.83, mkondo ni 230 ÷ 27.83 = ampea 8.27. Birika linapata wati 1,807, na waya unapata 8.27 × 8.27 × 1.376, yaani wati 94. Hizo unazilipia nazo zinapasha sakafu. Ikiwa waya umenyooshwa mita 30 zote, joto hilo linatawanyika na huenda usilihisi sana. Ukiuacha umeviringwa kwenye gurudumu lake, wati 94 zimefungiwa mahali pamoja, na nimeshaona plastiki ya ekstensheni ya namna hiyo ikishikana kama ubani. Kwa waya wa 2.5 hasara ingeshuka hadi wati 30.

Hapa ndipo mwanafunzi hutumia V²/R akaharibu. Anaona volti 230, anaona omu 1.376 za waya, anapata wati 38,000 na zaidi, anashangaa kwa nini nyumba haijaungua. Volti 230 hazipo kati ya mwanzo na mwisho wa waya. Zinagawanywa: birika linabaki na 218.6, waya unapata 11.4 tu. Weka 11.4 kwenye V²/R na utapata zilezile 94. Kanuni zote mbili zinakubaliana ukizilisha namba za kitu kimoja. Na zile wati 38,000 si ndoto tupu. Nyaya mbili zikigusana kule mwisho, birika likawa nje ya njia, volti 230 zote zinauangukia waya, mkondo unaruka hadi ampea 167, na hiyo ndiyo shoti. Saketi breka iliwekwa kwa ajili ya dakika hiyo.

Breka, hata hivyo, haioni mguso mbovu. Tuseme soketi imelegea na mguso wake umefikia nusu omu. Kwa birika letu mkondo unakuwa ampea 8.53. Hakuna breka ya ampea 13 au 16 itakayostuka, kwa sababu mkondo umepungua kidogo badala ya kuongezeka. Lakini mguso wenyewe unapata 8.53 × 8.53 × 0.5, wati 36, kwenye kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya mahindi. Ile pasi ndogo ambayo mafundi redio huyeyushia risasi huwa ya wati 30 au 40. Ukikuta soketi ina duara la kahawia kuzunguka tundu moja, usihangaike kutafuta kifaa kilichozidisha umeme. Kaza skrubu au badilisha soketi.

Injini na balbu za kisasa nitazipitia kwa ufupi, maana hapo hesabu ya omu za multimita haifai. Kompresa ya friji ukiipima ikiwa imezimwa inaweza kukuonyesha omu 15. Gawanya 230 kwa 15 upate ampea 15, na hakuna friji ya nyumbani inayovuta hivyo ikiwa inazunguka. Injini inayozunguka hutengeneza volteji yake ya kupinga ile ya soketi, na koili iliyozunguka chuma huupinga umeme unaobadilika mwelekeo mara 100 kwa sekunde kwa namna ambayo betri ya mita haiioni. Hata volti mara ampea haikupi wati za injini moja kwa moja. Feni yenye volti 230 na ampea 0.3 ina zao la 69, lakini wati zake halisi ni chache kuliko hizo. Na pampu yenye mzigo, volteji ikishuka, mara nyingi huvuta mkondo mkubwa zaidi kwa kuwa mzigo haujapungua. Nadhani ndiko yalikotoka yale maneno ya LUKU kukimbia, yakapachikwa hadi kwenye mapasi. Balbu za LED usizipime omu kabisa, kuna saketi ndani. Soma wati kwenye lebo.

Ukitaka kuona ukinzani wa balbu ukipanda mbele ya macho yako, usifanye kwa umeme wa ukutani. Nenda gereji ukanunue balbu ya breki ya 12 V, 21 W. Ikiwa baridi mita itakupa chini ya omu moja, na hapo zile omu za waya za mita lazima uzitoe. Iwashe kwa betri moja kubwa ya tochi, kisha mbili, kisha tatu, nne, mwisho betri ya pikipiki. Kila hatua pima ampea, halafu pima volti kwenye miguu ya balbu ikiwa inawaka. Usiandike 1.5 kwa sababu betri imeandikwa 1.5, maana ikianza kuvutwa inashuka, kama zilivyomfanyia Ohm. Gawanya volti kwa ampea kila safari. Kwenye volti 12 utakuwa unakaribia ampea 1.75 na omu 6.9.

Wakati wa kupima ampea, waya mwekundu wa mita unahamia tundu la 10A. Ukimaliza kila kipimo urudishe kwenye tundu la V kabla hujagusa kitu kingine. Tundu la 10A ndani yake ni karibu waya mtupu, na ukilisahau hapo ukaenda kupima volti za betri ya pikipiki, umeiunga shoti kupitia mita. Ukienda kupima soketi ya ukutani, wewe ndiye utakayekuwa umeishika hiyo mita.